Mkwe Aliyerudi na Bendeji

Tangu nirudi, shoga zangu, hakuna aliyekuja kuniamkia bila kwanza kutupia jicho chini, kuona kama nimerudi na miguu ileile. Ndiyo hiyohiyo. Nimechoka kusimulia, maana kila nikisimulia mnaongeza yenu, na juzi nimesikia kule kisimani kwamba nilikatwa miguu nikashonewa ya Mzungu! Kisomo cha watu wazima kimenifundisha kuandika, basi leo nakitumia. Someni wenyewe, na asiyejua kusoma asomewe na mtu asiyependa kutia chumvi, kama yupo hapa Kitaya.

Miguu yangu mnaijua. Kiunoni kwenda juu mimi ni mwanamke wa kawaida, hata mwembamba. Kiunoni kwenda chini ni mwanamke mwingine kabisa. Nyama imejaa sawasawa kulia na kushoto mpaka kwenye kifundo, hapo inakatika ghafla kama imefungwa kamba, na chini yake kuna vinyayo vidogo vya mtoto wa chuo cha Kurani. Ilianza nilipovunja ungo, ikazidi kila nilipozaa. Ukiibonyeza inauma, na nikijigonga kwenye kinu nabaki na doa jeusi wiki mbili. Nimechanjwa, nimeumikwa kwa pembe, nimefukizwa mpaka nikanuka moshi. Mwaka mmoja nilifunga Ramadhani nikaendelea na uji mtupu mwezi wa pili. Uso ukaporomoka, kifua kikaisha, miguu ikakaa palepale inanitazama. Watu walisema Somoe ana matende na ulafi, nami nilishazoea kusemwa.

Lakini safari hii hakusemwa Somoe. Alisemwa Zuhura, binti wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea toka ananyonya. Zuhura alichumbiwa na Hamisi, fundi cherehani wa Mikindani, na wanapendana, msidanganyane. Kumbe kwenye matanga ya jirani mtu wa upande wa Hamisi aliniona nimeketi, akaona na vifundo vya Zuhura vinavyoanza kujaa. Neno likafika Mikindani kwamba nyumba ile ina matende, na posa ikasimama. Wakaleta sharti: huyo mama apelekwe hospitali ya misheni huko bara, daktari aseme, na neno lake lisikiwe na masikio ya pande zote mbili. Masikio ya upande wao yakawa ya Mzee Chilumba, mjomba wa Hamisi.

Sasa hapo ndipo penye mchezo. Mjomba wa mchumba ni mkwe wangu. Mkwe mwanamume hali mbele ya mkwe mwanamke, wala mwanamke mbele yake, na hataji kiungo chochote cha mwili kilicho chini ya shingo. Mzee wa watu ametumwa kusikia habari za miguu yangu, na neno lenyewe mguu hana ruhusa ya kulitamka! Nilipoambiwa nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Unacheka, mama?" Zuhura akaniuliza, macho yamejaa machozi. "Ukirudi na neno baya mimi sina ndoa."

Nikaacha kucheka.

Kitaya mpaka Madimba, juu ya korosho

Tulipanda lori la korosho. Mimi nilikaa juu ya magunia upande wa kulia, Mzee Chilumba upande wa kushoto, katikati tukaweka kikapu changu kama mpaka wa nchi. Yeye ni mzee mrefu, mkavu, kofia nyeupe haivui hata upepo ukivuma. Kila baada ya kitambo aliniuliza, akitazama mikorosho, "Mkwe, hamjambo huko?" Nami namjibu, "Hatujambo, mkwe." Huko kwenyewe ni umbali wa mikono miwili tu, jamani, lakini tuliulizana kama watu walio mikoa tofauti.

Kabla ya Madimba kulikuwa na kizuizi. Mnajua siku hizi kuna vita ng'ambo ya mto, na mgambo walikuwa wanakagua kila kinachotoka mpakani. Kijana mmoja mwenye bunduki kubwa kuliko yeye akaniamuru nishuke. Akanizunguka mara moja, akanizunguka mara ya pili.

"Mama, umefunga nini humo ndani ya kanga?"

"Nimefunga kanga."

"Usinifanyie mzaha. Huko chini kuna sukari au kuna nguo?"

"Ukiikuta sukari, mwanangu, tugawane. Nyumbani imekwisha."

Abiria wakaangua kicheko, kijana akakasirika. Mzee Chilumba alikuwa amegeuka zamani anatazama kichaka. Bila kugeuza shingo akakiambia kile kichaka, "Ndugu mgambo, hayo aliyonayo mkwe wangu ni yake mwenyewe."

"Yake mwenyewe yapi?"

"Yale."

"Yale yapi, mzee? Yataje!"

Mzee akafungua kinywa, akakifunga. Jasho lilimtoka mpaka kofia ikalowa. Nikamwonea huruma, nikamwambia kijana abonyeze kwa kidole chake mwenyewe ajue. Akabonyeza, tena kwa nguvu. Nilipiga ukelele ambao nadhani ng'ambo ya mto walilala chini. Kijana aliruka nyuma, akasema "Samahani mama, samahani," akanisaidia kupanda, na akanipa mabibo mawili ya kunipoza. Doa la kidole chake ninalo mpaka leo, limeshakuwa la manjano.

Mikindani, mwanamke asiyesimama

Tulipumzika Mikindani, na adabu ikataka niende kumwamkia mama yake Hamisi, ambaye ndiye dada yake Mzee Chilumba. Anaitwa Bi Fatu. Nyumba ya mawe, baraza safi, sakafu inang'aa. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, na mwenye nyumba hakusimama.

Mnanijua. Mimi nikienda kwa mtu, asimame. Hata wagonjwa husimama. Bi Fatu alikuwa ameketi mkekani, kanga mbili zimemfunika kuanzia kiunoni, uso mzuri, mikono myembamba yenye bangili. Akanipa mkono akiwa palepale.

"Karibu mkwe. Nisamehe, goti langu leo halitaki."

"Pole mkwe," nikasema, moyoni nikasema yangu mengine.

Nililetewa wali, samaki wa kukaanga na mchuzi wa nazi, na kwa kuwa Mzee Chilumba alikuwa barazani na sisi ndani, nilikula kama mtu aliyetoka jela. Kila nikiinua uso nakuta Bi Fatu ananitazama miguu. Hatazami kwa dharau, la, anatazama kama mtu anayesoma barua. Mwisho akaniuliza taratibu, "Inauma?"

"Mkwe, si mmenituma nikaulize?" nikamjibu kwa ukali. Akainamisha kichwa. Mpaka naondoka hakuwa amenyanyuka. Nikatoka pale nimevimba kwa hasira, nikimwambia Mungu kwamba kama Zuhura anakwenda kuishi na mwanamke mwenye kiburi namna ile, basi heri posa ilale.

Mpapura, kwenye tope

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Lori la pili lilizama kwenye tope karibu na Mpapura tangu asubuhi, na dereva akasema tusubiri jingine lije kutuvuta. Abiria wote wakatandika kanga, wakafungua vyakula. Mimi kwenye kikapu nilikuwa na ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili. Mkwe alikuwa na kifurushi chake kutoka kwa dada yake, na harufu ya kuku ilikuwa inatufikia wote.

Kati yetu wawili hakuna aliyefungua. Adhuhuri ikapita. Tumbo langu lililia kwa sauti, nikakohoa kulifunika. La kwake likajibu, naye akakohoa. Tulikohoa pale mpaka mama mmoja mwenye mtoto akatusogelea na kutuuliza kama tunakwenda hospitali kwa ajili ya kifua.

Nikaona huu ujinga. Nikabeba kikapu, nikamwambia mkwe nakwenda kutafuta maji ya kutawadha. Kulikuwa na kichuguu kikubwa nyuma ya mikorosho, nikazunguka kwa upande wa kulia, nikachuchumaa, nikajaza kinywa ming'oko. Ile nasogea nipate kivuli vizuri, nakutana uso kwa uso na Mzee Chilumba, naye amezunguka kwa kushoto, paja la kuku liko mdomoni, mafuta yanamtiririka kidevuni.

Tulitazamana. Hakuna aliyeweza kusema, maana vinywa vimejaa. Yeye akageuka akanipa mgongo, nami nikampa wangu, tukamaliza kutafuna hivyo hivyo, kichuguu kikiwa shahidi. Kisha nikasikia mkono wake ukipita nyuma, umeshika bawa la kuku. Nikalipokea bila kutazama. Nami nikapitisha ming'oko kwa nyuma. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, na nyinyi msilizungumze.

Hospitalini, nyuma ya pazia

Tulifika kesho yake. Siku ya kwanza walinitoa damu usiku, kwa kuwa vijidudu vya matende hutembea kwenye damu usiku, ndivyo walivyonieleza. Asubuhi nikaitwa kwa daktari. Mzungu mwanamke, mzee, mwembamba, mikono ya baridi, Kiswahili chake cha taratibu na cha adabu kunishinda. Mzee Chilumba aliwekwa nyuma ya pazia la kitambaa, akapewa kiti, asikie bila kuona.

Daktari alibonyeza kwa kidole, akatazama kama kinaacha shimo. Hakikuacha. Akafinya ngozi ya juu ya vidole vya unyayo, akaridhika. Akaniuliza yote: ilianza lini, inauma vipi, mama yangu alikuwaje, bibi yangu je, nami nikamtaja na Zuhura. Kisha akakaa mbele yangu akanishika mikono.

"Mama, haya si matende. Damu yako haina wadudu. Matende mara nyingi huanza mguu mmoja, na hujaza unyayo. Yako iko pande zote mbili na nyayo zako ni nzima. Hii ni namna ya mafuta mabaya, wanawake ndio wanaoipata, na jina lake kwetu ni refu sana."

"Niliyala wapi hayo mafuta, daktari?"

"Hukuyala popote. Hata ukifunga mwaka mzima hayatatoka. Si kosa lako."

Nimeishi miaka arubaini na kitu, shoga zangu, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia si kosa langu. Nililia pale kitandani kama mtoto. Nyuma ya pazia nikasikia mtu anapenga kamasi.

Dawa ya kuiondoa hakuna, ndivyo alivyosema, na asije mtu akanidanganya kwa chale wala pembe, zitaniongezea madonda tu. Huko kwao wapo wanaokata nyama yenyewe kwa kisu, lakini kwa makovu yake na hatari yake hayuko tayari kuniruhusu. Ila nitaishi nayo vizuri nikifanya haya: nifunge bendeji za kuvutika tangu unyayoni kupanda juu, chini zikaze na juu zilegee, nikipumzika niinue miguu, nikandwe kwa mkono mwepesi kuelekea juu, na kila nikiweza nitembee ndani ya maji yanayonifika kifuani, maana maji hubana pande zote bila kuumiza. Nisijiongezee unene mwingine nikayatesa magoti.

Halafu akainama, akapunguza sauti. "Jambo moja zaidi. Hushuka katika nyumba, kwa wanawake. Huyo binti uliyemtaja, miguu yake ikianza, afunge mapema. Na mabinti zake waangaliwe."

Nikatazama pazia. Halikutikisika.

Kabla sijapumua, daktari akasimama, akalivuta lile pazia lote. "Baba, njoo. Shika mguu wa mke wako nikufundishe kufunga."

Loo! Mimi nilivuta shuka mpaka kichwani. Mzee Chilumba alisimama kwa kishindo, kiti kikaanguka, akajifunika uso kwa kofia yake, akaelekea mlango ambao haukuwa mlango, ulikuwa kabati. "Astaghfirullahi! Mkwe! Huyo ni mkwe!" Daktari hakuelewa, akadhani tumegombana, akaanza kutupatanisha kuhusu ndoa yetu. Muuguzi mmoja Mmwera ndiye aliyetuokoa, akamweleza mila huku anajifuta machozi ya kucheka.

Lakini daktari alikuwa mkaidi. Kufunga bendeji hakujifunzwi kwa masikio, akasema, na mimi mwenyewe siwezi kujifunga vizuri mpaka nione kwa mwingine. Basi pazia likarudishwa. Upande huu muuguzi akanifunga mimi, upande ule daktari akampa mzee bendeji ajifunge mguu wake mwenyewe. Nilisikia, "Chini kaza, baba. Juu legeza. Fungua. Rudia." Alirudia mara tano. Mara ya mwisho daktari akampigia makofi.

Kurudi

Alitoka hospitali na bendeji yake mguuni, amekataa kuivua, anasema asije akasahau mizunguko yake. Kwenye lori kila mtu alimpa pole. Mama mmoja alimwachia nafasi ya kukaa, mimi mgonjwa mwenyewe nikasimama!

Nilicheka kidogo, kisha kicheko kikaniishia. Lile neno la mwisho la daktari halikuniacha. Alilisema kwa sauti ya chini. Huenda ni mimi peke yangu niliyelisikia. Nikinyamaza, neno ni moja tu: si matende. Zuhura anaolewa wiki ijayo. Nikisema, labda nimemvunjia nyumba kwa ulimi wangu. Nilibishana na nafsi yangu mpaka Mpapura, na tulipokipita kile kichuguu nikashindwa.

"Mkwe," nikasema, nikitazama upande wangu wa barabara. "Daktari alisema hii yangu si matende. Lakini alisema hushuka kwa wanawake wa nyumba. Zuhura ameshaanza. Na akizaa binti, labda na yeye. Nasema miguu, mkwe. Miguu. Nisamehe kwa kuitaja, lakini sitaki mje mseme tuliwaficha."

Lori likaruka mashimo mawili matatu.

"Nilisikia," akasema.

Basi. Hakusema lingine mpaka Mikindani. Nikajua posa imekufa, na nilianza kupanga nitamwambiaje Zuhura.

Tulipofika, mkwe hakuketi barazani. Akaniambia nimfuate ndani. Bi Fatu alikuwa palepale mkekani, kanga zilezile mbili. Mzee akaketi chini mbele ya dada yake, akatoa mfukoni bendeji mbili mpya ambazo sikujua kama aliziomba.

"Dada, nyosha mguu."

"Mbele ya mkwe?"

"Mkwe ni mwanamke mwenzio. Nyosha."

Bi Fatu akanitazama, akavuta kanga. Jamani! Ilikuwa kama kujitazama kwenye kioo. Nyama ileile mpaka kifundoni, imekatika palepale, na chini yake vinyayo vidogo vimepakwa hina vizuri, hina ya mtu asiyetoka nje.

Mzee akaanza kufunga, chini anakaza, juu analegeza, na huku anasema bila kumtazama yeyote. "Mama yetu alikuwa nayo. Tukaambiwa matende. Alitengewa kikombe chake na sahani yake, mimi nikimwekea chakula mlangoni nakimbia. Alikufa hajaguswa na mtu miaka sita. Na wala hayakuwa matende."

 Kisha nikauliza lililokuwa linanichoma. "Bi Fatu, nani alisimamisha posa?"

"Mimi," akasema. Machozi yalimdondoka. "Niliwaza kwamba wakikutazama wewe na mwanao, mwisho watanitazama na mimi. Nikaona heri isemwe nyumba yenu."

Nilikasirika, sitawaficha. Nilimkumbuka Zuhura na macho yake, nikataka kumwaga maneno yote niliyoyatunza tangu siku ile ya wali. Lakini nikamwona anavyoshika ile bendeji kwa vidole viwili kama anaogopa itaondoka.

"Nimekusamehe," nikamwambia, "ila kwa sharti. Siku ile nilipoingia hapa hukusimama. Leo utasimama. Na tutakwenda baharini mimi na wewe, mchana huu, kwa kupitia sokoni."

Alikataa, akalia, akaapa. Mimi nikakaa nikasema nina muda. Mwisho akasimama. Tulipita sokoni tumeshikana mikono, miguu minne ya bendeji, na mbele yetu Mzee Chilumba na mguu wake mmoja uliofungwa anatufungulia njia. Watu waliacha kupima samaki. Baharini tulivua bendeji, tukaingia mpaka kifuani, na Bi Fatu akatembea mle majini huku na huku hajui kusimama tena, mpaka vidole vikakunjamana na nikamwambia tutoke.

Ya harusi hamhitaji kusimuliwa, mlikuwapo na mlikula. Lakini hili hamkulisikia. Nilipofika nyumbani nilimwita Zuhura ndani, nikamwambia yote, hata lile neno la sauti ya chini. Akavuta kanga, akavitazama vifundo vyake.

"Hamisi anajua?"

"Mjomba wake amemwambia kila kitu."

"Kasema nini?"

Nikamtazama kidogo kabla ya kujibu, maana mimi ni mchokozi, mnanijua.

"Kauliza hizo bendeji, akizishona mwenyewe, azikate upana gani."